Kambi ya Vijana Ufukweni: Someni Maji Kwanza, Ndipo Mpange Vipindi

Kamati nyingi hupanga kambi ya baharini kama zinavyopanga kongamano la kanisani. Anatafutwa mhubiri, linachaguliwa somo kuu, saa za ibada zinagawanywa, na bahari inapewa kipande kilichobaki baada ya chakula cha mchana: "kuogelea na michezo". Siku ya kwanza vijana wanafika na kukuta maji yameshakupwa, wanabaki kutembea juu ya miamba. Siku ya tatu wanaingia wakati maji yanatoka kwa nguvu. Waliopanga hawakuwa wazembe, ila hawakuiuliza bahari saa zake. Mwongozo huu unaanza na maji, kisha watu, kisha Neno.

Tarehe na jedwali la maji

Kabla hamjamwandikia mhubiri, tafuteni jedwali la kujaa na kupwa la bandari iliyo karibu na ufuko wenu, kwa juma zima mnalolifikiria. Kwenye pwani nyingi, tangu maji yajae hadi yajae tena hupita saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku hujaa kama dakika 50 baadaye kuliko jana yake. Yakijaa saa nne asubuhi siku ya kwanza, siku ya nne yatajaa karibu saa sita na nusu mchana. Ziko pwani ambazo maji hujaa mara moja tu kwa siku, na ziko bahari ambazo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo mno, jedwali litawaonyesha. Waulizeni pia wavuvi wa pale pale, maana ghuba au mlango wa mto huweza kuchelewesha maji kuliko bandari inavyosema.

Angalieni na mwezi. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na tena baada ya mwezi mpevu: maji hupanda sana, hushuka sana, na mikondo hukaza. Maji mafu huja baada ya mwezi nusu. Tofauti hupungua na mikondo hulegea. Kambi yenye vijana wengi wasiojua kuogelea iwekwe kwenye maji mafu. Watakuwapo watakaoutaka mwezi mpevu kwa ajili ya ibada ya usiku mchangani, na ni kweli unapendeza, lakini taa mtaweza kuzibeba; nguvu ya bamvua hamtaweza kuipunguza.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Igawanyeni tofauti ya kujaa na kupwa katika sehemu 12. Saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama tofauti ni mita 3, saa ya kwanza maji huongezeka sentimita 25 tu, lakini saa ya tatu na ya nne huongezeka sentimita 75 kila moja. Hivi ndivyo watu wanaotoka kuangalia viumbe vya miambani wanavyokatiwa njia ya kurudi: saa nzima wanaona maji yametulia, kisha yanawazunguka. Matembezi ya miambani yaanze saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, na mtu wa mwisho awe amekanyaga mchanga wa ufuko pale maji yanapogeuka.

Kwa kuoga, wakati mzuri kwenye fuko nyingi ni saa mbili za mwisho za maji kujaa. Yakishajaa, mtoke. Maji yanayokupwa humvuta mtu nje, na anayechoka huishia mbali na pwani badala ya kusukumwa kuielekea. Ziko fuko zenye mteremko mkali ambako maji yakijaa mawimbi huangukia ukingoni kwa kishindo na kuvunja watu shingo na mabega. Huko wavuvi watawaambia saa nyingine iliyo salama, nanyi muwasikilize.

Kuichagua pwani

Nendeni mkaione mara mbili, maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamekupwa. Ufuko mmoja una sura mbili, na miamba inayokata miguu haionekani maji yakiwa juu. Tafuteni mchanga wenye mteremko mdogo, usio karibu na mlango wa mto, gati wala njia ya boti. Hospitali iwe ya kufikika kwa gari, na gari lenyewe lilale kambini na dereva wake, likiwa na mafuta. Pimeni mtandao wa simu mkiwa mmesimama ufukweni hasa, si barabarani.

Mahema yawekwe juu ya mstari wa mwani mkavu na vijiti vilivyotupwa na maji. Mstari wa juu kabisa kuliko yote ndio unaosema ukweli, maana ile iliyo chini yake ni ya juzi na jana. Vigingi vifupi having'ang'anii mchangani. Tumieni vya sentimita 40, au jazeni mfuko mchanga, ufungeni kamba ya hema, ufukieni mfuko huo kwa kina cha nusu mita, upepo hauung'oi. Msilale chini ya mti wenye matawi makavu au matunda mazito.

Watu wa kazi

Kwa vijana wa miaka 9 hadi 14, mlezi mmoja awe na vijana wasiozidi 8. Kwa miaka 15 hadi 18, wasizidi 10. Hesabu hii haiwahusishi wapishi, mhubiri wala wapiga vyombo, kwa sababu wakati hatari inapotokea wana kazi zao. Kila kundi liwe na walezi wa kutosha ili mmoja akimpeleka mgonjwa zahanati, kundi lisibaki bila mtu mzima.

Kila mtu mzima achunguzwe kabla ya kupewa jukumu: barua za watu wawili wanaomfahamu nje ya ndugu zake, na uchunguzi wa polisi pale sheria ya nchi inapoutaka. Mchungaji naye apite mlango huo huo. Mtu mzima hakai peke yake na kijana mahali pasipoonekana. Ushauri na maombi ya mtu mmoja mmoja yafanyike penye macho ya wengine ingawa masikio hayafiki, kwa mfano viti viwili umbali wa hatua 20 kutoka kwenye hema kuu. Mtu mzima halali hema moja na mtoto asiye wake. Wavulana na wasichana walale sehemu mbalimbali, na kila upande uwe na walezi wa jinsia hiyo.

Kijana akimfunulia mlezi kwamba anaumizwa au amedhulumiwa, mlezi amsikilize bila kumhoji maswali ya kumwongoza, wala asimwahidi kuificha siri. Amwambie wazi kwamba atamweleza mtu anayehusika na ulinzi wa watoto. Ayaandike maneno ya kijana kama alivyoyasema, siku hiyo hiyo, na taarifa ifike kwa vyombo vya sheria. Jambo la namna hii halimalizwi kwa kikao cha wazee wa kanisa.

Fomu ya mzazi iwe na namba mbili za simu, magonjwa, dawa na saa zake, vitu vinavyomdhuru mwanawe, ruhusa ya matibabu ya dharura, na ruhusa ya kuingia baharini iliyoandikwa mbali na ruhusa ya kuja kambini. Ulizeni kwa jina: kifafa, pumu, selimundu (sikoseli), kisukari, ugonjwa wa moyo. Mwenye kifafa akiingia majini, awe na mtu mzima mmoja aliye wake yeye tu, ndani ya umbali wa mkono. Mwenye selimundu asikae kwenye maji ya baridi, na anywe maji ya kutosha. Swali la "anajua kuogelea?" liulizwe, lakini jibu lisitegemewe: wengi walijifunza kwenye bwawa au mtoni, na mawimbi ni kitu kingine.

Kuingia majini

Kila kijana apimwe asubuhi ya kwanza, kwenye maji ya kifuani, akienda sambamba na ufuko na si kuelekea kilindini. Aogelee mita 25 bila kugusa chini, ageuke, kisha aelee chali dakika moja. Aliyefaulu bila kuhangaika afungwe utepe wa kijani mkononi, naye ataruhusiwa hadi kwenye kamba ya mwisho. Aliyefika kwa kuhangaika apewe wa njano, mpaka wake ni kifua chake. Asiyefika apewe mwekundu, mpaka wake ni kiuno. Wengine wataona haya kuvaa wekundu, na hapo walezi watangulie: mlezi asiyejua kuogelea naye auvae, mbele ya wote.

Eneo la kuoga liwekwe alama kwa kamba yenye maboya. Madumu matupu ya lita 5 yaliyofungwa vizuri yanatosha, kila moja na mfuko wa mchanga kama nanga, umbali wa mita 10 kutoka dumu hadi dumu. Palipo na waokoaji wa pwani, ogeni katikati ya bendera nyekundu na njano. Bendera nyekundu tupu ikipanda hakuna anayeingia.

Wasiingie zaidi ya 30 kwa mara moja. Kwa kila 10 waliomo majini awepo mlinzi mmoja, na hata wakiwa 5 walinzi wasipungue wawili. Mlinzi haogi, hashiki simu, hashiki Biblia, haongei na mtu. Zamu yake ni dakika 20 hadi 30, kwa sababu jicho likichoka huyatazama maji bila kuona kitu. Jua likiwa mbele ya walinzi, mng'ao huficha vichwa vya watu. Ufuko unaotazama mashariki una shida hii asubuhi, unaotazama magharibi huipata jioni. Wekeni walinzi wawili pembeni, wakitazama kwa mshazari.

Tengenezeni ubao wenye misumari, na kila kijana awe na kigae chenye jina lake. Akiingia anakitundika, akitoka anakiondoa. Kigae kikibaki na hakuna mtu majini, hiyo ni dharura tangu dakika ile ile. Msianze kwanza kumtafuta kwenye mahema kwa raha zenu, gaweni watu, wengine majini, wengine nchi kavu. Kila kijana awe na mwenzi wa utepe kama wake. Filimbi moja: nyamazeni msikilize. Mbili: shikaneni mikono na mwenzi wako na muiinue juu, na hii ifanyike kila dakika 10. Tatu: wote nje.

Walezi wote, si walinzi pekee, wafundishwe anavyoonekana mtu anayezama. Hapigi kelele wala hapungi mkono. Kichwa kimelala nyuma, mdomo uko usawa wa maji, mikono inasukuma maji pembeni kama anayepanda ngazi isiyoonekana, miguu haisukumi. Anaweza kupotea chini ya dakika moja, hatua tatu kutoka kwa wenzake wanaocheka. Ukimwita na hajibu, mfikie.

Kumwokoa kuna utaratibu wake. Kwanza mfikie kwa mti mrefu au kwa mnyororo wa watu waliosimama imara. Ikishindikana, mrushieni kitu kinachoelea chenye kamba ya mita 15 hadi 20. Dumu la lita 20 lenye maji kidogo ndani yake huruka vizuri kuliko tupu kabisa. Ikishindikana, mwende kwa chombo. Kuogelea kumfuata ni njia ya mwisho, na ni ya aliyefunzwa, akiwa na kitu cha kuelea kati yake na mwenzake. Mara nyingine vifo vya pwani huwa vya watu wawili: aliyezama na aliyemrukia.

Mkondo wa kurudi baharini hutambulika kwa njia ya maji meusi na tulivu katikati ya mawimbi yanayovunjika, au povu na mchanga vinavyokwenda nje. Watu huupenda kwa sababu unaonekana umetulia. Aliyeshikwa nao asipigane nao kuelekea pwani. Aelee, apumue, ainue mkono, kisha aogelee sambamba na ufuko hadi autoke, ndipo arudi na mawimbi. Fanyeni zoezi hili mchangani, kila mtu akilala na kuonyesha mwelekeo kwa mkono, kabla ya maji ya kwanza.

Pigeni marufuku magodoro na maboya ya kujazwa upepo. Upepo utokao nchi kavu huyapeleka nje kwa kasi asiyoifikia mwogeleaji. Mashimo mchangani yasizidi kina cha goti la mtoto mdogo kuliko wote, na mahandaki yasichimbwe kabisa: mchanga ukiporomoka juu ya mtu humfunga pumzi, na wanaochimba kumtoa huuporomosha zaidi. Mkisikia ngurumo kabla hamjahesabu 30 tangu umeme wa radi umulike, wote watoke waingie kwenye jengo au gari. Hema si kinga. Warudi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Siku inavyopangwa

Chukueni karatasi, mwandike kwanza saa ya maji kujaa kwa kila siku. Halafu mzibe saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni kwa rangi nyingine; huo ndio wakati jua linachoma. Kinachobaki mnakigawa.

Tuseme siku ya kwanza maji yanajaa saa nne asubuhi. Kuoga ni saa mbili hadi saa nne, na kipindi kikuu cha Neno ni saa tano, kivulini, vijana wameshachangamka na kula kitu. Siku ya pili yanajaa karibu saa tano kasoro dakika 10. Siku ya nne yanajaa saa sita na nusu, jua likiwa utosini. Hapo kipindi cha Neno kinahamia saa mbili asubuhi, kuoga kunakuwa kwa saa moja tu, wote wakiwa na nguo za mikono mirefu na kofia. Mhubiri ajulishwe mapema kwamba saa yake itahama kila siku. Mwenye kutaka saa moja isiyobadilika apewe kipindi cha jioni.

Mkesha na kuoga havikai siku moja. Kijana aliyelala kwa muda wa saa tatu tu huchoka haraka majini na huamua vibaya, na mlinzi aliyekesha naye ni vivyo hivyo. Kama kanisa linataka usiku wa maombi, uwe usiku wa kuamkia siku isiyo na bahari, na wenye umri mdogo waende kulala mapema. Kufunga pia: jua, chumvi na njaa huangusha watu. Vijana walio chini ya uangalizi wenu wasifunge siku ya maji, hata wakiomba kwa machozi. Waelezeni kwamba wanaweza kufunga nyumbani, na wazazi wao wakijua.

Neno, mahali penye sauti ya mawimbi

Mchana upepo huvuma kutoka baharini kwenda nchi kavu. Usiku, na alfajiri, kutoka nchi kavu kwenda baharini. Msemaji asimame upepo umpige mgongoni ili sauti iende kwa wasikilizaji. Mchana hilo linamfanya aipe bahari mgongo, jambo linalotukumbusha Yesu alivyofundisha akiwa ndani ya mashua na mkutano ukiwa pwani. Tatizo ni kwamba wasikilizaji wataitazama bahari na mng'ao wake badala ya msemaji; tundikeni turubai nyuma yake. Wakae nusu duara, safu zisizozidi tano. Kipaza sauti kifunikwe kitambaa, na vyombo vyote vifutwe chumvi kila usiku kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu.

Msirundike mahubiri matatu kwa siku. Moja refu na moja fupi yanatosha, pamoja na makundi madogo ya vijana 6 hadi 8, kwa dakika 40. Maandiko ya bahari ni mengi, na yanapata uzito yakisomwa mahali pake na saa yake. Marko 4:35-41 inafaa machweo, kwa kuwa safari ile ilianza kulipokuwa jioni. Waelezeni vijana kwamba Galilaya ni ziwa la maji baridi, na Luka huliita ziwa. Liko zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa bahari, limezungukwa na milima, na pepo hulishukia ghafla. Kutoka 14 ni ya asubuhi. Yona 1 na 2 inafaa siku ya tafakari ya toba.

Matendo 27 tungeiweka kabla ya maji ya kwanza. Watu 276 walikuwa chomboni, usiku wa kumi na nne baharini. Mabaharia walitaka kutoroka kwa mashua, Paulo akasema hao wasipokaa ndani wengine hawataokoka. Akatwaa mkate, akashukuru, akawahimiza wale. Mwishoni waliojua kuogelea walitangulia, wengine wakafuata juu ya mbao na vipande vya merikebu, wakafika wote. Kundi likishaisoma sura hiyo, kanuni ya mwenzi, utepe na kigae haihitaji maelezo marefu: hakuna anayerudi nchi kavu akimwacha mwingine.

Yohana 21 iacheni asubuhi ya mwisho. Washeni moto wa makaa kabla ya mapambazuko, mle hapo hapo kifungua kinywa, ndipo msome. Neno la Kiyunani la moto wa makaa katika 21:9 linapatikana mara mbili tu katika Agano Jipya, na mara nyingine ni 18:18, pale Petro alipokuwa akiota moto na kumkana Bwana. Harufu ya makaa itafanya kazi ambayo mhubiri hataiweza; asiseme sana. Baada ya kusoma, wapeni vijana dakika 20 za kukaa kimya, mmoja mmoja, ndani ya eneo linaloonekana.

Tahadhari mbili kwa wahubiri. Msitumie kuzama kama kitisho cha toba mbele ya watoto watakaoingia majini kesho yake. Mwenye hofu hukakamaa, na anayekakamaa huzama. Na Mathayo 14, Petro akitembea juu ya maji, isifundishwe kwa namna itakayomfanya kijana wa utepe mwekundu aone kuvuka kamba ni imani.

Mwito wa kuokoka utolewe kwa utulivu, kijana akiwa ameshiba na amepata usingizi wa kutosha. Asisukumwe kulia, wala asisimamishwe kuungama dhambi zake mbele ya watu. Mlezi wa kundi aandike jina la aliyeitikia na amkabidhi kwa kanisa lake, maana kambi haina mchungaji wa kumfuatilia Jumatatu.

Ubatizo baharini

Kanisa lililomleta kijana ndilo linaloamua, pamoja na wazazi wake, na mafundisho yawe yamefanyika kabla ya safari. Makanisa hutofautiana kuhusu umri na namna; kambi ya makanisa mchanganyiko isibatize kabisa.

Kama upo, chagueni dakika maji yanapokaribia kujaa, bahari imetulia, kina cha kiunoni kwa anayebatizwa. Wasimame wahudumu wawili. Mmoja akae upande wa kilindi na ayatazame mawimbi, yeye ndiye anayesema "sasa". Anayebatizwa asimame sambamba na ufuko, asilipe wimbi mgongo wala uso, azamishwe mara tu wimbi likishapita, ainuliwe kabla ya lingine. Kanzu ndefu hujaa maji na kuvuta. Ishonwe ifike katikati ya muundi, kitambaa kizito cha rangi ya kukolea, na nguo nyingine ndani. Walinzi wawe kazini kama siku ya kuoga, wasiwe miongoni mwa waimbaji.

Maji, jiko na vyoo

Hesabuni lita 20 za maji safi kwa kila mtu kwa siku, zikiwamo za kunywa lita 3 hadi 4. Choo kimoja kwa watu 20, umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na maji ya kunawa yenye sabuni mlangoni. Choo cha wasichana kiwe na pipa lenye kifuniko, na taulo za kike ziwepo bila mtu kulazimika kuomba. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32 kisizidi saa moja. Samaki aliyeachwa juani huzalisha sumu isiyoondoka kwa kupikwa, kwa hiyo asiye na barafu asinunuliwe kwa ajili ya kesho. Mpishi aliyeharisha arudi jikoni saa 48 baada ya kupona.

Moto wa ibada uwashwe chini ya mstari wa mwani, kwenye mchanga mtupu. Uzimeni kwa maji mengi, ndoo mbili au zaidi, mkikoroga. Msiufukie kwa mchanga: makaa hubaki ya moto chini kwa saa nyingi, na asubuhi mtoto huyakanyaga bila kuyaona.

Majeraha ya pwani

Konyeza, ambao wengine huwaita yavuyavu: suuzeni kwa maji ya bahari, si maji baridi ya kunywa. Ondoeni mikia kwa kibano, msisugue mchanga, msitumie mkojo. Kisha tumbukizeni sehemu hiyo kwenye maji ya moto ya nyuzi 40 hadi 45 kwa dakika 20 au zaidi; mhudumu ajaribu kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Pwani yenye konyeza wa sumu kali, mwagieni siki kwanza, na mgonjwa apelekwe hospitali. Mwiba wa samaki aitwaye taa au wa samaki wa mawe hutulizwa vilevile na maji ya moto, dakika 30 hadi 90, lakini kidonda kionwe na tabibu; mwiba uliozama kifuani au tumboni usichomolewe. Kuzuia ni rahisi: viatu vya kuogea miguuni, na kutembea kwa kuburuza miguu.

Aliyezidiwa na joto akianza kuchanganyikiwa, ni dharura: kivulini, mmwagieni maji mwili mzima, mmpepee, gari liwashwe. Anayeharisha apewe maji safi lita 1 yenye sukari vijiko vidogo 6 vya sawasawa na chumvi nusu kijiko kidogo, kama hamna pakiti za dukani.

Aliyetolewa majini asiyepumua huanziwa kwa pumzi 5, kisha mibonyezo 30 na pumzi 2, bila kukoma hadi msaada ufike. Walezi wasiopungua wanne wawe wamefunzwa hili kwa mikono, kwenye mwanasesere wa mafunzo. Aliyemeza maji akaonekana mzima, lakini akaendelea kukohoa, kuhema au kusinzia kuliko kawaida, apelekwe hospitali hata kama anakataa.

Kuvunja kambi

Siku ya kuondoka hakuna kuoga. Walezi wamechoka, mizigo iko njiani, na vijana watataka "mara moja ya mwisho". Hesabuni watu mara tatu: kabla ya kukunja mahema, wakiwa kwenye gari, na kwenye kituo cha kwanza. Fukieni mashimo yote, okoteni vigingi na kamba kwa mstari wa watu wakitembea bega kwa bega, taka zote zirudi nanyi. Toeni maboya na mifuko ya nanga majini. Fomu za afya zikabidhiwe mtu mmoja kwa ajili ya kutunzwa kwa siri, na daftari la majeraha, hata ya kuchubuka tu, lisainiwe na mlezi kabla gari halijaondoka. Mzazi wa kila kijana aliyetibiwa apigiwe simu siku hiyo, aelezwe kilichotokea na kilichofanywa, asije akakisikia kutoka kwa mtoto wake.